Chama cha Kijani: Uongozi wa Watu au Chama cha Mtu?

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya vikundi vya miche, wazee wa makanisa na wapigania mageuzi waliokutana katika ukumbi wa kanisa mjini Kehancha, kabla ya kuchagua kamati ya muda ya tawi lao. Tunaichapisha nzima kwa kuwa swali lililozungumziwa linakihusu kila chama nchini. – Mhariri)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya namna chama cha kijani kinavyopaswa kuupanga uongozi wake wa kitaifa. Nilijitayarisha kama mawakili wanavyojitayarisha, nikabeba vitabu vya sheria. Lakini nilipofika mlangoni asubuhi hii mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, tueleze jambo moja tu. Tumpe kiti yule mwenye gari, ama tusimpe?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba mama huyo amelisema jambo zima kwa maneno machache kuliko barua. Nimeelezwa kwamba kuna ndugu yetu aliyejitolea kulipa kodi ya ofisi ya tawi kwa miaka miwili na kutoa gari la kuzungukia kaunti, kwa sharti kwamba awe mwenyekiti na kwamba wajumbe watakaokwenda Nairobi wachaguliwe naye. Sikuja kumtukana. Mtu anayetoa mali yake kwa ajili ya miti anastahili shukrani. Lakini baada ya chakula cha mchana mtapiga kura, na kura hiyo ina uzito kuliko mnavyodhani. Kama tawi litaanza kwa kununuliwa, basi wajumbe wake watakwenda Nairobi kuuza.

Neno langu leo ni moja. Chama kinachopanda mti ambao mpandaji hatakalia kivuli chake hakina budi kuwa na uongozi ambao kiongozi hataondoka nao. Mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hilo.

Kilichotuleta hapa

Mnajua kilichotuleta. Milima yetu imevuliwa nguo. Tumbaku ililetea nyumba nyingi za Kuria karo ya shule, na mimi mwenyewe nilisomeshwa nayo, kwa hiyo siwezi kuitemea mate. Lakini kila msimu mabanda ya kukaushia yalidai kuni, na kuni zilitoka mahali. Mtoto wa umri wangu alikuwa akienda kutafuta kuni nyuma ya boma. Mtoto wa leo anakwenda mbali, na akirudi ameshachelewa shule. Machimbo ya dhahabu nayo yametoboa mashamba, na zebaki ya kusafishia dhahabu huishia katika vijito ambavyo ng'ombe hunywa na akina mama huteka.

Hayo ni mambo ya siasa, hata kama yanahusu miti na maji. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inasema hivyo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 69 kinaiagiza Serikali ijitahidi kufikisha na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya Kenya. Anayeiuliza Serikali kuhusu asilimia hiyo anafanya siasa, na anayefanya siasa peke yake hasikiki. Ndiyo maana mmeamua kujiunga na chama cha kijani na kukifungulia tawi hapa. Uamuzi huo ni mwema. Swali ni chama cha namna gani.

Mabaraza mawili ya wazee wetu

Sisi Wakuria hatukungoja wageni watufundishe kupanga uongozi. Tulikuwa na mabaraza mawili. Lilikuwapo inchama, baraza la faragha la wazee wachache, ambalo maneno yake hayakutoka nje. Ulikuwapo pia iritongo, mkutano wa jamii, ambapo jambo liliwekwa wazi, likasemwa, likajibiwa. Jamii ilihitaji yote mawili: kuna mambo yanayohitaji utulivu wa wachache, na kuna mambo yasiyoweza kuamuliwa bila macho ya wengi.

Chama cha siasa nacho kina inchama yake na iritongo yake. Kamati kuu ya kitaifa, yenye mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina na wenzao, ndiyo inchama. Mkutano mkuu wa wajumbe kutoka matawi yote ndio iritongo. Ugonjwa wa vyama vyetu ni kwamba inchama imeimeza iritongo. Wajumbe huitwa ili wapige makofi. Nami nisifiche udhaifu wa asili yetu: katika inchama mama zetu hawakuketi, ingawa wao ndio waliobeba maji na kuni. Tukirithi mabaraza hayo tusirithi kasoro hiyo.

Ninyi mnaosoma Biblia mnaukumbuka ushauri wa Yethro kwa mkwewe Musa, katika Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni. Yethro hakumsifu kwa bidii hiyo. Alimwonya kwamba atachoka yeye na kuwachosha watu, akamshauri aweke viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa alikuwa mtu mwema, mteule wa Mungu, na hata hivyo utaratibu wa mtu mmoja haukufaa. Basi sisi tunaowachagua watu wasio Musa tufanyeje?

Tulikotoka

Wazee waliomo humu wanaukumbuka mwaka 1988. Nilikuwa mtoto nilipowaona watu wazima wamepanga foleni nyuma ya picha za wagombea katika kura ya mlolongo ya chama kilichokuwa peke yake. Foleni ndefu ilishindwa na foleni fupi mchana kweupe, na hapakuwa na pa kulalamika, kwa maana kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilikuwa kimekifanya chama hicho kuwa cha pekee tangu 1982. Kifungu hicho kiliondolewa Desemba 1991, baada ya watu wengi kuteseka, na baada ya watumishi wa Mungu kama Kasisi Timothy Njoya na Askofu Henry Okullu, jirani yetu wa Maseno Kusini, kusema kwa sauti yale ambayo wengine waliyanong'ona.

Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe ugonjwa ulihama tu, ukatoka katika chama kimoja ukaingia katika vingi. FORD iliundwa mwaka 1991 na nchi nzima ikaikimbilia. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 ilikuwa imepasuka, FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Kambi moja iliitwa Agip House na nyingine Muthithi House, kwa majina ya majengo. Katika ugomvi huo lilikuwamo swali hili hili tunalolijadili: mgombea urais achaguliwe na wanachama wote moja kwa moja, au na wajumbe? Chama hakikuwa na njia iliyokubaliwa na wote ya kulijibu, kila mkubwa akashika jibu lililomfaa, na Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wamemkataa, lakini walikuwa wametawanyika.

Mama wa miti na chama chake

Sasa nije kwa kijani chetu wenyewe. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, vikundi vya akina mama vilikuwa vimepanda zaidi ya miti milioni 30. Mwaka 1989 alizuia jengo refu lisijengwe katika Uhuru Park. Mwaka 1992 alifunga kula pamoja na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakapigwa na polisi, na Kanisa Kuu la All Saints likawapa hifadhi. Makanisa yalikuwa karibu na kijani tangu mwanzo.

Aliingia Bungeni mwaka 2002 kwa tikiti ya NARC, akiwa mbunge wa Tetu, na mwaka uliofuata akaanzisha Mazingira Green Party of Kenya, ili watu wagombee viti kwa sera ya kuhifadhi mazingira. Chama hicho kiliingia katika shirikisho la vyama vya kijani vya Afrika na lile la dunia. Lakini mwaka 2007 mwanzilishi aliposhindwa katika mchujo wa PNU akagombea Tetu kwa tikiti ya chama chake mwenyewe, hakurudi Bungeni. Katika nchi nzima chama kilipata kiti kimoja, Imenti Kaskazini. Profesa alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na chama hakikupata kuwa nguvu kubwa katika siasa za Kenya.

Tujiulize bila kumvunjia heshima marehemu: kwa nini vikundi vyake vya miche viliota kila mahali, na chama hakikuota? Sababu ni nyingi, na fedha na ukabila zimo. Lakini moja inatuhusu leo. Kikundi cha miche kilikuwa na wenyewe pale kijijini. Akina mama walichagua viongozi wao, walihesabu miche yao, walilipwa kwa mche ulioshika. Mwanzilishi alipokuwa gerezani au ng'ambo, miche ilinyweshwa. Chama, machoni pa wapiga kura wengi, kilikuwa jina la mtu mmoja mkubwa, na jina la mtu haliwezi kunyweshwa na wengine.

Waliotangulia ng'ambo

Wajerumani ndio waliolipa jina la kijani nguvu katika siasa za dunia. Waliunda chama chao mjini Karlsruhe Januari 1980, na mwaka 1983 kikaingia Bungeni kwa asilimia 5.6 ya kura. Walikuwa watu walioogopa ukubwa, kwa maana nchi yao ilikuwa imeonja mtu mmoja mwenye mamlaka yote. Kwa hiyo walijiwekea masharti makali. Badala ya mwenyekiti mmoja walichagua wasemaji watatu. Walikataza mtu kushika wadhifa wa chama na kiti cha ubunge kwa wakati mmoja. Waliamuru wabunge wao waachie viti katikati ya muhula ili wengine waingie. Mwaka 1986 wakaandika kwamba angalau nusu ya nafasi ni za wanawake.

Je, yote yalifaa? La. Sharti la kupokezana viti lilileta ugomvi. Petra Kelly, aliyejulikana kuliko wenzake wote, alikataa kuondoka mwaka 1985, na wengine wakalalamika kwamba mbunge anaondolewa akiwa ndiyo kwanza amejifunza kazi. Sharti hilo likaachwa. Lile la kutenganisha wadhifa wa chama na ubunge lilidumu muda mrefu, kisha mwaka 2003 wanachama wote wakapiga kura ya kulilegeza, ili wachache katika kamati kuu waruhusiwe kuwa wabunge. Kilichobaki mpaka leo ni hiki: wenyeviti wawili, mmoja wao lazima awe mwanamke, katika kamati kuu ya watu sita wanaochaguliwa na wajumbe kwa miaka miwili.

Wenzao wa Uingereza na Wales walikwenda njia nyingine. Kwa miaka mingi walikataa hata neno kiongozi, wakawa na wasemaji wakuu wawili. Wananchi hawakujua wamsikilize nani. Mwaka 2007 wanachama walipiga kura, na mwaka 2008 wakamchagua Caroline Lucas kuwa kiongozi wao wa kwanza. Miaka miwili baadaye akawa mbunge wao wa kwanza. Tangu hapo katiba yao inaruhusu kiongozi mmoja, au viongozi wawili wanaoshirikiana.

Karibu nasi, nchini Rwanda, chama cha kijani kilianzishwa mwaka 2009, na makamu wa rais wake, André Kagwa Rwisereka, akauawa Julai 2010. Chama hakikusajiliwa mpaka Agosti 2013, na mwaka 2018 kikapata viti viwili Bungeni. Hapo tunajifunza kwamba uongozi si heshima ya kukaa meza ya mbele. Siku nyingine huwa ni mzigo wa hatari, na chama kisicho na watu walioandaliwa kuupokea hufa na mmoja wao.

Naona somo moja katika hayo yote. Walioogopa uongozi kupita kiasi walikosa sauti, na walioutegemea mno mtu mmoja walikosa kesho. Wanaodumu ni wale wanaompa kiongozi kazi ya kweli na mpaka wa kweli, na wanaobadili kanuni kwa kura ya wanachama inapowashinda.

Sheria yetu inataka nini

Sheria ya Kenya imetusaidia nusu ya safari. Kifungu cha 91 cha Katiba kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa na uongozi uliochaguliwa kwa njia ya kidemokrasia, na kiheshimu haki ya walio wachache. Kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, kabila, jinsia au eneo. Ndugu zangu wa makanisa mlisikie hilo: tumekutana katika ukumbi wa kanisa, lakini chama hakiwezi kuwa cha kanisa. Nasi Wakuria tulisikie pia. Tawi hili ni la kaunti yote ya Migori, la Waluo, Wasuba, Waluhya, Wasomali na sisi.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inadai kwamba ili chama kisajiliwe kikamilifu kiwe na wanachama 1,000 ambao ni wapiga kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Baraza lake kuu sharti lionyeshe sura ya nchi, na wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Mizozo ya wanachama ijaribiwe kwanza ndani ya chama, kisha ipelekwe mbele ya Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa.

Lakini yapo mengi ambayo sheria imetuachia wenyewe. Haisemi mwenyekiti awe mmoja au wawili, wala akae miaka mingapi. Kifungu cha 77 kinamzuia afisa wa Serikali aliyeteuliwa kushika wadhifa wa chama, lakini hakimzuii aliyechaguliwa, kama mbunge au gavana. Wala sheria haiwezi kukuzuia kuandika katiba nzuri na kuiweka sandukuni. Hilo nalijua kwa sababu nimelifanya.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniajiri niandike katiba yake. Niliiandika kwa ufundi wote niliofundishwa chuoni. Kila kifungu kilifuata sheria. Siku ya mkutano mkuu wa wajumbe nilikuta watu wapatao arobaini katika ukumbi wa hoteli, wengi wao vijana waliopewa nauli na chakula. Kumbukumbu za mkutano zilitaja wajumbe zaidi ya mia tatu. Niliombwa kushuhudia kumbukumbu hizo, nami nikatia saini. Nilijiambia kwamba kazi ya wakili ni karatasi.

Wakati wa mchujo ulipofika, mama mmoja alishinda katika wadi yake kwa kura za wazi, na cheti chake kikapewa mwingine. Alikwenda kwenye kamati ya mizozo ya chama. Waliokaa mezani walikuwa watu watatu walioteuliwa na mwenyekiti, na mmoja wao alikuwa shemeji yake. Kesi ilichukua dakika chache. Mama huyo alikuja ofisini kwangu bila kujua kwamba nilikihudumia chama, akaweka katiba mezani, akanionyesha kifungu kilichosema mwenyekiti atateua kamati ya mizozo. Akaniuliza, "Wakili, ni nani aliyeandika kitu kama hiki?"

Niliyeandika ni mimi. Nilimwambia hivyo. Aliondoka bila kusema neno, na muda wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha. Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijaandika katiba ya chama bila kuuliza kwanza: mnyonge atakapoonewa, ataketi mbele ya nani?

Mapendekezo

Kwa hiyo naweka mbele yenu mambo matano. Yafuateni katika tawi hili leo, kisha wapeni wajumbe wenu azimio lililoandikwa walidai vivyo hivyo katika mkutano mkuu wa kitaifa. Chama hakitakuwa bora Nairobi kama ni kibovu Kehancha.

Kwanza, pawe na wenyeviti wawili, mwanamke na mwanamume, wasiotoka eneo moja. Najua mtaniambia fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli. Lakini ninyi ni wakulima: ni maksai wangapi wanaovuta plau? Wawili, nao huenda pamoja kwa sababu wamefungwa nira. Nira yao itakuwa katiba. Mgawanye kazi kwa maandishi, huyu asimamie matawi, yule awe msemaji, ili wananchi wajue wamsikilize nani. Uingereza walilipia kosa hilo. Sisi hatuna haja ya kulirudia.

Pili, muhula uwe miaka miwili, na mtu asizidi vipindi viwili katika wadhifa mmoja. Mwishoni mwa kipindi awe amemfundisha mwingine kazi.

Tatu, anayetaka kugombea udiwani, ubunge au ugavana aachie kwanza wadhifa wake wa chama, ili asiwe mchezaji na refa. Silipendekezi lile la Wajerumani la kuachia kiti katikati ya muhula. Kwao aliyefuata katika orodha ya chama aliingia. Kwetu mbunge wa eneobunge akijiuzulu ni uchaguzi mdogo, gharama kwa umma, na pengine kiti kipotee.

Nne, fedha. Watia saini wawe watatu, na hesabu ibandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu, mahali ambapo kila mwanachama ataisoma au kusomewa. Sheria ya vyama yenyewe imeweka kikomo: kwa mwaka, mtu mmoja asitoe zaidi ya asilimia tano ya matumizi ya chama. Kikomo hicho hupimwa kwa chama kizima, lakini roho yake inatufaa hapa. Mchango wa shilingi ishirini kutoka kwa mia mbili unajenga chama kuliko elfu nne kutoka kwa mmoja, hata kama jumla ni ile ile, kwa maana wale mia mbili watakuja kuuliza zilikokwenda.

Tano, na hili ndilo nililolilipia kwa aibu yangu: kamati ya mizozo ichaguliwe na mkutano wa wajumbe, isiteuliwe na kiongozi yeyote, na asiwemo ndani yake jamaa wa kiongozi wala mwajiriwa wake. Chama ambacho mwanachama wa mwisho hawezi kumshtaki mwenyekiti na kusikilizwa ni chama cha mfukoni, hata kikiwa na ofisi katika kaunti zote 47.

Tumwambie nini mwenye gari?

Namrudia mama aliyenishika mkono mlangoni. Mama, yule ndugu tumpokee. Ajiandikishe kama mwanachama, alipe ada kama ninyi mnavyolipa. Akitaka uenyekiti asimame, ajieleze, apigiwe kura ya siri pamoja na wengine, na akishinda kwa haki tumtii. Akitaka kutoa gari alitoe kwa tawi, kwa maandishi, ndani ya kikomo, na dereva apokee maagizo kwa katibu. Lakini sharti lake la kuwachagua wajumbe wetu tulikatae, tulikatae leo, tukingali hatuna kitu. Atakayeshindwa kulikataa akiwa na njaa hataliweza akishiba.

Huenda akaondoka na gari lake. Basi tutatembea, au tutapanda matatu na pikipiki kama tulivyokuja leo. Akina mama wa miche walibeba maji kichwani kwa miaka mingi bila gari, na miti yao imesimama.

Miaka mingi ijayo hakuna atakayeuliza nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa tawi la Migori. Watakaokuja watauliza kama maji yapo, na kama kuna mahali pa kusemea yakikosekana. Kura mtakayopiga baada ya chakula ni sehemu ya jibu. Pigeni kura ya siri, zihesabiwe mbele ya wote, na idadi iandikwe ukutani kabla mtu yeyote hajatoka humu.

Mungu awabariki, na aibariki Kenya yetu.